Si kansa, lakini wanataka kumpasua mdogo wangu. Ni kweli uvimbe ukipigwa na upepo unaamka?

#1 MtuWaIgoma
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wenye uzoefu. Wa kutisha watu pumzikeni kidogo.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 26, kaolewa Nansio kule Ukerewe, ana mtoto mmoja. Tangu mwaka jana tumbo limekuwa likijaa taratibu. Majirani wakasema mimba, shemeji akafurahi, akaanza kufyatua tofali za chumba cha mtoto. Ukafika mwezi wa tisa, wa kumi, wa kumi na mbili, tofali zimekauka na mtoto hakuna. Mama akasema bandama. Shangazi akasema katupiwa. Wiki iliyopita nikamleta Mwanza na meli ya asubuhi, akapigwa altrasaundi: kuna uvimbe chini ya kitovu, sentimita 17, ndani una maji yenye vyumba vyumba, hauna dalili za kansa. Nikashusha pumzi. Halafu daktari yuleyule akaniambia inabidi apasuliwe.

Hapo ndipo ninapokwama. Kama si kansa, kisu cha nini? Mama kagoma kabisa. Anasema uvimbe wa tumboni ukifunguliwa ukapigwa na upepo unaamka, na ana ushahidi: jirani yetu alitolewa wa kwake, mwaka uliofuata ukarudi mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Na hili nalo: kwenye karatasi daktari kaandika alama ya kuuliza, kisha "sisti ya mesenteri". Chini yake alama mbili za kuuliza, kisha neno linaloanza na "des" au "der", mwandiko kama kuku kapita. Nani anajua hivi vitu?

#2 Dagaa Kavu
Nimevuta kiti. Kahawa ipo, kashata ipo. Waje wataalamu.

#3 Ngosha 77
Mimba ya miezi 12 siyo ugonjwa wa hospitali hiyo. Kuna mzee ng'ambo ya Kamanga, njoo inbox. Daktari mwenyewe kaweka alama tatu za kuuliza, maana yake hajui.

#4 Mama Pendo
Wewe Ngosha tulia kwanza. Mleta mada pole sana, mimi yamenikuta. Nauza dagaa Mwaloni pale Kirumba. Mwaka 2016 tumbo lilinijaa hivyohivyo, kila nikipita naitwa mama kijacho, nikinunua sato wananiongezea wa bure wa mtoto. Nikaacha kubisha, nikawa nakula sato. Kumbe ni uvimbe wa maji kwenye kifuko cha mayai. Siku ya upasuaji walitoa kitu, mume wangu alionyeshwa kwenye beseni akakaa chini mwenyewe. Majibu ya maabara yakaja: si saratani. Miaka yote hiyo haujarudi, na huo upepo wa mama ulinipiga vizuri tu, maana nilifunguliwa kutoka chini mpaka juu ya kitovu.

Sato wa bure ndio waliokatika.

#5 Nesi Mstaafu
Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi, niseme kidogo kuhusu bandama maana huku kwetu ndilo linabebeshwa kila tumbo. Si kwa kuonea. Kichocho cha tumbo kimejaa pwani yote ya ziwa, Ukerewe ndiyo usiseme. Mayai ya yule mdudu yanakwama kwenye ini, ini linakuwa gumu, damu inakosa njia, bandama linavimba, mwisho mtu anatapika damu. Kwa hiyo mama yenu hakutoa hewani.

Ila bandama lina tabia zake. Linaanzia chini ya mbavu za kushoto, linashuka kwa mshazari kuelekea kinena cha kulia, na mgonjwa akivuta pumzi nalo linasogea. Uvimbe wa katikati chini ya kitovu si bandama, labda liwe bandama mzururaji.

#6 Kisu Kikali
Nesi umetania lakini bandama mzururaji lipo kweli. Ni nadra mno. Kamba zinazolishikilia zinalegea, linateremka mpaka kwenye nyonga, na likijisokota ni dharura. Ila altrasaundi isingeona maji yenye vyumba, ingeona nyama.

Sasa mleta mada. Mimi nipo mafunzo ya vitendo, bado sijawa bingwa, nisahihishwe. Umewahi kuchuna mbuzi? Ukifungua tumbo unaona utumbo haukai hovyo, umeshikwa na utando mpana wenye mafuta na mishipa, kama feni ya mkono iliyokunjuliwa. Huo utando ndio mesenteri. Mara chache sana unaota mfuko wa maji katikati ya kurasa zake mbili. Vitabu vinataja kama mgonjwa mmoja kati ya 100,000 wanaolazwa kwa watu wazima, na mmoja kati ya 20,000 kwa watoto. Ndiyo maana daktari kaweka alama ya kuuliza. Haimaanishi hajui. Anakwambia "nadhani, lakini sijaona kwa macho".

Kwa nini utolewe na si kansa? Kwa sababu ya mahali ulipokaa. Una uzito, unaning'inia kwenye utando wenye mishipa ya damu ya utumbo. Siku ukijisokota unausokota utumbo nao. Unaweza kubana utumbo chakula kisipite, kuvuja damu kwa ndani, kupasuka, kuoza na kuleta homa. Na wachache, asilimia 3 hivi, hukutwa na seli mbaya ndani, hilo halijulikani mpaka utoke uende maabara.

Kuna kipimo cha mkono kilichogunduliwa na Mfaransa Tillaux mwaka 1880, ndiye aliyeugundua huu ugonjwa. Mlaze mgonjwa chali, sukuma uvimbe taratibu. Wa mesenteri unaenda kushoto na kulia, lakini juu na chini unagoma. Ni kwa sababu ya mshazari wa mahali utando uliposhikwa kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo.

#7 Mwl. Kahama
Bwana Kisu, maelezo safi, historia umechanganya. Ugonjwa ulijulikana kitambo. Benivieni wa Florence aliuandika baada ya kufungua maiti ya mtoto wa miaka 8, kitabu chake kikachapishwa mwaka 1507, yeye akiwa ameshafariki. Tillaux mwaka 1880 ndiye wa kwanza kuutoa na mgonjwa akapona. Kati ya kuuona na kuutoa imepita miaka zaidi ya 370.

#8 Kisu Kikali
Pokea maua yako mwalimu.

#9 Dagaa Kavu
Mleta mada usije ukamsukuma dada wa watu kama unasukuma daladala ya Buhongwa.

#10 MtuWaIgoma
Nimemwomba mke wangu amjaribu, mimi nimekaa mlangoni. Anasema unaenda kulia, unaenda kushoto, kama tikiti ndani ya ndoo ya maji. Juu na chini haubanduki. Mdogo wangu anacheka anasema "hata mimi nikigeuka kitandani nausikia unanifuata nyuma".

#11 Kisu Kikali
Basi mimi naweka shilingi yangu kwenye mesenteri.

#12 Fundi Picha
Weka akiba ya shilingi. Nafanya kazi chumba cha picha. Uvimbe wa kifuko cha mayai wenye shina refu nao hutoka nyonga ukapanda hadi kitovuni, na unatembea kuliko huo. Hilo neno la pili nadhani ni dermoidi, siyo desmoidi. Watu wanavichanganya kila siku, hata sisi kwenye fomu.

Dermoidi ni mfuko wa kwenye kifuko cha mayai. Umetokana na seli ile ambayo ingeweza kuwa kiungo chochote, kwa hiyo ndani unakuta mafuta, nywele, wakati mwingine meno. Kwenye picha una alama zake, jino linang'aa jeupe kabisa. Desmoidi ni nyama ngumu kama kano, haina maji. Karatasi inasema maji, kwa hiyo "des" naitoa.

#13 Ngosha 77
NYWELE NA MENO TUMBONI halafu mnasema si uchawi wa Gamboshi? Jamani. Mimi nimemaliza.

#14 Nesi Mstaafu
Ngosha, nimeshika hizo nywele kwa mikono yangu kwenye beseni. Zimeviringana kama kifundo kinachobaki kwenye chanuo, zimejaa mafuta yanayoganda hewa ikiyapiga. Binti alikuwa wa miaka 19 na hakuwa amegombana na mtu. Mama yake aliomba tuzichome, hatukuweza, zilitakiwa maabara. Alilia kuliko alivyolia binti yake akiingia thieta.

#15 Ngosha 77
Na wewe hukuogopa?

#16 Nesi Mstaafu
Niliogopa jamaa zao waliokuwa wanataka kuvunja mlango.

#17 Mzee wa Kamanga
Nasoma toka jana. Fundi Picha usiitoe "des" haraka. Mleta mada, mdogo wako alijifungua kawaida au kwa upasuaji?

#18 MtuWaIgoma
Kwa upasuaji, miaka mitatu iliyopita. Kwa nini mzee?

#19 Mzee wa Kamanga
Binti yangu alijifungua kwa kisu. Baada ya mwaka na nusu akaota kitu kigumu kwenye ukuta wa tumbo, kando ya kovu. Ukigonga ni kama unagonga soli ya kiatu. Hospitali moja wakasema ni uzi wa mshono, wakakata. Kikarudi. Wakakata tena pana zaidi, wakaweka wavu wa plastiki kushikilia ukuta. Kikarudi cha tatu, kikubwa kuliko vyote. Ndipo tukaenda Dar, wakachukua kinyama kwa sindano nene, jibu likaja desmoidi. Daktari wa kule akatushangaza: "Huu hatukati. Njooni kila baada ya miezi mitatu tupime." Nikamwona mvivu. Mwaka wa pili ukaanza kunywea wenyewe. Sasa hivi umebaki kama kokwa la embe, binti anauza duka lake Sengerema.

Kwa hiyo mkimcheka mama wa mleta mada kwamba uvimbe hauamshwi na kisu, mimi sicheki. Nimeuona ukiamshwa mara mbili.

#20 Dagaa Kavu
Uzi umegeuka sasa. Kisu Kikali jina lako linatajwa huku.

#21 Kisu Kikali
Mzee, shikamoo. Unachosema ni kweli tupu na ndivyo miongozo inavyosema siku hizi. Desmoidi haisambai kwenda ini wala mapafu, ndiyo maana haiitwi kansa, lakini inang'ang'ania ilipo na inapenda sana kurudi pale pale palipokatwa. Inapenda kuota kwenye kovu, na kwa wanawake inapenda kipindi cha mimba au baada yake. Zamani ilikuwa kisu kwanza. Sasa wengi huanza kwa kuangalia, kwa sababu baadhi hutulia au hunywea zenyewe kama ya binti yako. Zinazokaidi zina vidonge. Marekani walipitisha dawa ya kwanza mahususi kwa ajili yake, nirogacestat, Novemba 2023. Ipo pia ya kurithi, inayokwenda na vinyama vingi kwenye utumbo mpana, ndiyo maana daktari akiuliza "kwenu kuna aliyekufa na kansa ya utumbo?" msimfiche.

Mama wa mleta mada ana haki kwa uvimbe wa jirani, kama ule ulikuwa desmoidi. Kwa mfuko wa maji mambo ni kinyume. Hapo kinachorudisha uvimbe ni kuogopa kukata: watu wanachoma sindano wananyonya maji, wiki kadhaa umejaa tena. Utoke na ngozi yake yote.

Upepo hauhusiki popote.

#22 Binti Bwiru
Jamani na mimi niulize. Alijifungua kwa kisu... hakuna aliyewaza kitambaa? Kuna mama tunasali naye, alikaa na uvimbe miaka miwili, wakajua ni kansa ya utumbo, kuupasua wakakuta gozi la kukaushia damu lililosahaulika. Hospitali siitaji.

#23 Fundi Picha
Inatokea, na kwenye picha hutudanganya sana. Mwili unalizungushia gozi ukuta, kwa nje linaonekana uvimbe kabisa. Siti skani huonyesha viputo vya hewa vilivyonaswa kwenye nyuzi. Mleta mada, siti skani mmefanya?

#24 MtuWaIgoma
Tumefanya jana, ndiyo imekula hela ya bati. Majibu: mfuko wa maji, kuta nyembamba, vyumba vitatu, hauna jino wala viputo, vifuko vya mayai vyote viwili vimeonekana vizima pembeni. Utumbo umepita juu yake "kama mkanda", kasema hivyo. Kwa hiyo mesenteri imepanda, der imeshuka. Daktari bado hajafuta alama ya kuuliza.

#25 Fundi Picha
Na asifute. Siti skani inaonyesha umbo na mahali, jina linatolewa na darubini. Mlishamwambia kama kwenu mnafuga mbwa na kondoo?

#26 MtuWaIgoma
Mbwa wapo, kondoo alikuwa mmoja akaliwa sikukuu. Inahusu nini?

#27 Fundi Picha
Kuna mnyoo wa mbwa, mayai yake yakiingia kwa mtu huota mifuko ya maji, mara nyingi kwenye ini lakini hata kwingine tumboni. Ipo zaidi kwa wafugaji, upande wa Ngorongoro na Waturkana kule Kenya. Ule hauchomwi sindano ovyo: maji yake yakimwagika ndani, mgonjwa anaweza kupata mzio mkali hadi kufa, na vifuko vidogo vinapandwa tumbo zima kama mbegu. Ndiyo maana bingwa akiona mfuko wa maji hakimbilii sindano. Simwambii anao, namwambia ajue kwa nini wanauliza maswali ya ajabu.

#28 Dagaa Kavu
Bandama, mimba, jini, tikiti, nywele, soli ya kiatu, gozi, na sasa mbwa. Huyu dada tumbo lake lina wapangaji kuliko nyumba za Mabatini.

#29 Mwl. Kahama
Kwa ajili ya mama anayegoma, msomeeni hii. Desemba 25, 1809, kijiji cha Danville, Kentucky. Mama mmoja, Jane Todd Crawford, tumbo limejaa, wamemwambia ni mapacha na siku zimepita. Daktari McDowell akamkagua akasema ni uvimbe wa kifuko cha mayai, na hakuna duniani aliyewahi kuutoa mgonjwa akaishi. Mama akapanda farasi kama kilomita 100 kumfuata kwake, uvimbe ameuegemeza kwenye tandiko. Nusu kaputi ilikuwa bado haijavumbuliwa. Akafunguliwa akiwa macho, akiimba zaburi, dakika 25. Ulitoka uvimbe wa kilo 10 hivi. Siku ya tano daktari kamkuta anatandika kitanda mwenyewe. Aliishi hadi 1842, ana miaka 78.

#30 Ngosha 77
Akiwa MACHO?

#31 Mama Pendo
Mimi niliimba nikiwa naingia, sikuimba nikiwa ndani. Mleta mada, nipe namba ya mama, niongee naye.

#32 MtuWaIgoma
Mrejesho. Mama kaongea na Mama Pendo saa nzima. Nusu saa ya kwanza bei ya dagaa, ya pili upasuaji. Kilichomgeuza si siti skani wala yule Mmarekani wa farasi. Mama Pendo kamwambia "mama, jirani yako aliamshwa na kisu, mimi nililazwa na kisu, mwanao hujamjua ni wa jirani au ni wangu mpaka waone". Amekubali. Ila kasema asiguswe Ijumaa.

Ni Jumatano. Wanataka watu wawili wa kuchangia damu.

#33 Ngosha 77
Mimi nipo Igoma, nipigie. Mzee wa ng'ambo tutamwona baadaye.

#34 Dagaa Kavu
Ngosha damu yako ina gongo, watampasua mara mbili. Nami nakuja.

#35 Nesi Mstaafu
Mambo madogo watakayosahau kuwaambia. Usiku wa kuamkia siku hiyo asile kabisa, hata uji wa shangazi. Atatoka na mpira puani na wa mkojo, msishtuke. Akohoe huku kakumbatia mto kwenye mshono. Siku ya pili wamkalishe, wamtembeze, hata akitukana. Na mkisikia nesi anamuuliza kama ametoa hewa, ajibu ukweli.

#36 Binti Bwiru
Hewa gani?

#37 Nesi Mstaafu
Ya chini. Utumbo ukishikwashikwa unalala. Ukiamka unatoa hewa, ndipo tunajua njia imefunguka. Wapo madaktari siku hizi wanaruhusu kunywa mapema, lakini kila mmoja anaisubiri hiyo sauti.

#38 Dagaa Kavu
Yaani tunasubiri ajambe.

#39 Nesi Mstaafu
Ajambe, ndiyo. Wodini hatuoneani haya.

#40 MtuWaIgoma
Wakuu, ametoka. Saa nne wamemwingiza, saa saba kasoro wakatuita mlangoni. Kwenye beseni kulikuwa na kitu cha rangi ya kijivu, kinang'aa, kina mishipa myembamba kama jani la boga. Daktari akakiminya kidogo, maji ya ndani meupe kama maziwa ya kuchanganya na maji. Mama akasogea karibu kuliko sisi wote. Akauliza "na mizizi yake?" Daktari akasema ulikuwa umeshikamana na utumbo, wamekata kipande kama shubiri moja wakaunga. Vifuko vya mayai havijaguswa. Ngosha na Dagaa, mmoja wenu chupa yake imetumika.

Bado hasemi jina. Beseni limekwenda maabara, wiki mbili au tatu.

#41 Kisu Kikali
Maziwa ni mafuta ya chakula yaliyokosa njia kwenye mishipa ya limfu. Mesenteri. Shilingi yangu.

#42 Fundi Picha
Subiri darubini, kijana.

#43 Mzee wa Kamanga
Mungu mwema. Mwandikieni tarehe ya kurudi kupimwa, hata akijisikia mzima.

#44 Ngosha 77
Maziwa tumboni kwa mtu asiyenyonyesha... haya, sisemi kitu. Chupa iliyotumika ni yangu au ya Dagaa?

#45 Dagaa Kavu
Achana na chupa. Siku ya tatu leo. Hewa vipi?

#46 MtuWaIgoma
Saa 11 alfajiri. Wodi nzima imepiga makofi.